Meza ya Mchuuzi Kando ya Barabara

Katika toleo hili la ukumbusho, sisi walimu tumechagua historia ya watu wanaouza kando ya barabara. Wengi wetu tulisomeshwa na mama aliyeuza ndizi au sambaza namna hiyo, na hata hapa Rusizi wako wenzetu wanaoishi kwa kazi hiyo.

Mchuuzi hukaa barabarani kwa sababu wateja wako huko. Penye njia panda magari hupunguza mwendo, na abiria hununua dirishani. Lakini penye faida ndipo penye hatari.

Tarehe 2 Februari 2022, huko Matadi-Kibala, pembezoni mwa Kinshasa, waya mkubwa wa umeme ulikatika ukaangukia soko lililojaa maji ya mvua. Walikufa watu 26, wengi wao wanawake. Baada ya msiba huo wakubwa walisema soko lihamishwe.

Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, kaunti ya Kericho nchini Kenya, lori lenye kontena liliacha njia likavamia magari ya abiria na wachuuzi. Watu 52 walipoteza maisha. Pale pia amri ya kuwaondoa wachuuzi kando ya barabara kuu ilifuata msiba. Tena, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliweka masoko mikononi mwa kaunti, na barabara kuu mikononi mwa serikali ya taifa. Mwenye soko na mwenye barabara wasipoketi pamoja, mchuuzi hubaki katikati yao.

Kigali ilishika njia nyingine. Mwaka 2017 jiji lilitangaza faini ya faranga 10,000 kwa mchuuzi wa barabarani, na kwa mnunuzi vilevile. Masoko madogo nayo yalijengwa ili kuwapokea. Hata hivyo wako waliorudi barabarani, kwa kuwa sokoni wateja walikuwa wachache. Faini humwondoa mtu kwa siku moja. Wateja ndio wanaomhamisha kabisa.

Kwa hiyo twaomba mambo mawili. Kwanza, kamati, mashirika na wakuu wa mahali waketi pamoja na wachuuzi wenyewe, wachague kiwanja ambapo watu hupita kwa miguu, mbali na magari na nyaya za umeme, chenye paa na choo. Pili, sisi wenyewe tusingoje kiwanja hicho: tusogeze meza nyuma kutoka ukingo wa barabara leo hii, na watoto wasikae upande wa magari.

Wazee walisema ajali haina kinga. Lakini Matadi-Kibala na Londiani zimetuonyesha kwamba amri iliyotolewa baada ya mazishi ingeweza kutolewa kabla. Sisi tuitoe kabla.