Fairphone: madini safi, msimbo uliofungwa

Jamani, kuna simu inayonifunza kila nikiikumbuka. Mwaka wa 2010, huko Amsterdam, ilianza kampeni kuhusu madini yanayogharimia vita vya Kongo. Mwaka wa 2013 kampeni ikawa kampuni, Fairphone, na ikauza simu yake ya kwanza, takriban 60,000. Bati lake lilitoka Kivu Kusini, katika migodi isiyolisha watu wenye bunduki. Hapo hongera!

Tatizo lilikuwa chipu ya MediaTek. Fairphone haikuupata msimbo wake wote, na bila msimbo huwezi kuhamishia simu toleo jipya la Android. Ikakwama kwenye 4.2, na mwaka wa 2017 kampuni ikaacha kuihudumia. Jasho la mchimbaji likaishia kabatini.

Fairphone 2 ilipotoka mwaka wa 2015 walikuwa wamejifunza. Mwaka uliofuata walitoa pia mfumo wa programu huria, usio na programu za Google. Qualcomm waliiacha chipu yake kwenye Android 6, lakini Fairphone, wakisaidiwa na kazi ya wanajamii wa LineageOS, wakaipandisha wenyewe. Ilihudumiwa hadi 2023!

Si kwamba kila kitu kilifunguliwa. Programu ya modemu, kwa mfano, ilibaki siri. Hata hivyo mimi nimeshaamua: nikiambiwa simu ni ya haki, nitauliza madini yametoka wapi, kisha nitauliza msimbo uko wapi. Wewe je?