Rio PMP300: kidude cha nyimbo nane kilichowashinda wakubwa mahakamani

Wasomaji, ukiwauliza vijana wengi wa mjini mambo ya kutembea na nyimbo mfukoni yalianza lini, watakujibu iPod. Watakutajia na tarehe kabisa, 23 Oktoba 2001, siku Steve Jobs alipoichomoa kwenye mfuko wa suruali mbele ya waandishi kule California. Mimi nasema turudi nyuma miaka mitatu zaidi. Mwaka 1998 kilitoka kidude cha plastiki, chepesi, kikubwa kama kaseti, kinachotumia betri moja ndogo ya kawaida na kubeba nyimbo nane hivi. Kiliitwa Rio PMP300. Hiyo iPod ilipita kwenye njia iliyofunguliwa na kidude hiki, na njia yenyewe ilifunguliwa mahakamani.

Waliokitengeneza hawakuwa watu wa muziki. Diamond Multimedia ilikuwa kampuni ya San Jose, California, iliyojulikana kwa kadi za picha na sauti za kompyuta. Wala hawakuwa wa kwanza. Kampuni ya SaeHan ya Korea Kusini ilikuwa imeshatoa MPMan mapema mwaka huo huo. Lakini Rio iliingia sokoni Marekani kwa bei ya dola 200 hivi, ikajulikana haraka, na kwa sababu hiyo ikawa ndiyo iliyoshitakiwa.

Sasa tufungue kifuniko tuone ndani mna nini, maana kesi yote imo humo.

Rio ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 32. Leo picha chache tu za simu zinaijaza. CD ya kawaida inahifadhi sauti kwa kuipima mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo biti 16, na hapo ni mara mbili kwa sababu kuna spika ya kulia na ya kushoto. Piga hesabu: ni zaidi ya biti milioni 1.4 kwa sekunde. Kwa mwendo huo megabaiti 32 zinajaa kwa dakika tatu na sekunde kumi. Yaani ungelipa dola 200 utembee na wimbo mmoja, tena mfupi.

Kilichookoa ni MP3. Wajerumani wa taasisi ya Fraunhofer kule Erlangen, akiwemo Karlheinz Brandenburg, walifanya kazi miaka mingi juu ya swali moja: sikio la binadamu halisikii nini? Ukiwa kituo cha Posta, honi ya daladala ikilia karibu yako, anayenong'ona pembeni humsikii, ingawa sauti yake ipo hewani. Muziki nao uko hivyo. Ngoma ikipigwa kwa nguvu inafunika sauti ndogo zilizo jirani nayo. MP3 inazitafuta sauti zilizofunikwa na kuzitupa, au kuzihifadhi kijuujuu tu. Kwa kiwango kilichopendwa wakati ule, kilobiti 128 kwa sekunde, wimbo unapungua mara kumi na moja na masikio ya wengi wetu hayashtuki. (Mafundi wa studio watashtuka, najua.)

Kwa kiwango hicho Rio ilibeba dakika 35 hivi, ndiyo hizo nyimbo nane za dakika nne nne. Ile saa nzima inayotajwa hata kwenye hukumu ya mahakama unaipata ukibana zaidi, hadi kilobiti 64, na hapo sauti inaanza kuwa kama ya redio iliyo mbali na mnara. Ubavuni kulikuwa na tundu la kuchomeka kadi nyembamba ya SmartMedia ili uongeze nusu saa au saa nyingine.

Nyimbo nane ni chache kuliko kaseti moja. Kwa nini basi mtu anunue? Kwa sababu ndani ya Rio hakuna kinachozunguka. Aliyewahi kukimbia na kicheza CD mkononi anajua adha yake: hatua tatu, wimbo unaruka. Walkman nayo ikichoka inakula kanda. Rio ungeweza kuitikisa, kuitupa kitandani au kukimbia nayo, wimbo ukaendelea tu, na betri ile moja ikasukuma saa nyingi.

Kuijaza nyimbo ndiko kulikokuwa na kazi. Ulichukua CD yako, ukaiingiza kwenye kompyuta, ukasubiri programu igeuze nyimbo kuwa MP3, kisha ukazihamishia kwenye Rio kwa waya uliochomekwa kwenye tundu la printa. Ndiyo, tundu lile kubwa la pini nyingi. Barabara hiyo ilikuwa ya kwenda tu. Kwa maelezo ya mahakama yenyewe, Rio haikuweza kurudisha wimbo kwenye kompyuta, wala kuupeleka kwenye kifaa kingine, wala kutoa nakala yake. Nyimbo ziliingia, na njia pekee ya kutoka ilikuwa kwenye hedfoni, labda uichomoe ile kadi uichomeke kwenye Rio ya mwenzako.

Shikilia hapo, maana udhaifu huu ndio uliokuja kuwa wakili wake.

Oktoba 1998, kabla Rio haijaenea madukani, chama cha makampuni ya kurekodi muziki cha Marekani, RIAA, kilikwenda mahakama ya shirikisho California kutaka izuiwe. Silaha yao ilikuwa sheria ya mwaka 1992 kuhusu kurekodi sauti majumbani. Sheria hiyo ilizaliwa na hofu ya kanda za DAT, zilizotoka Japani mwaka 1987. Kaseti ya kawaida ukiinakili mara tatu nne inabaki mvumo mtupu, lakini kanda ya DAT inatoa nakala iliyo sawa na ya kwanza. Basi Bunge la Marekani likaamua kwamba kifaa chochote cha kurekodi muziki wa kidijitali kiwe na kufuli ya kuzuia nakala ya nakala, na anayekiuza alipe asilimia 2 ya bei ya jumla kwenye mfuko unaogawiwa makampuni, wanamuziki na watunzi.

Rio haikuwa na kufuli na Diamond haikulipa kitu. Kwa nje, kesi ilionekana nyepesi.

Tarehe 16 Oktoba RIAA walipata zuio la muda. Siku kumi baadaye jaji Audrey Collins alikataa kuliendeleza. Aliona kwamba kuweka kufuli ya kuzuia nakala ya nakala kwenye kifaa kisichoweza kutoa nakala hata moja hakuna maana. Ni sawa na kudai komeo kwenye ukuta usio na mlango.

RIAA wakakata rufaa. Tarehe 15 Juni 1999 mahakama ya rufaa, kwa hukumu iliyoandikwa na jaji Diarmuid O'Scannlain, ikaenda mbali zaidi. Sheria ya 1992 ilihusu vifaa vinavyonakili kutoka kwenye "rekodi ya muziki ya kidijitali", na rekodi hiyo ilielezwa kuwa kitu chenye sauti na maelezo yanayohusu sauti hizo tu. Rio ilinakili kutoka wapi? Kutoka kwenye diski ya kompyuta, yenye programu, barua, hesabu za ofisini na takataka nyingine. Kwa hiyo diski hiyo si rekodi ya muziki, na Rio si kifaa cha kurekodi kwa mujibu wa sheria. Jaji Collins alihofia kwamba tafsiri ya namna hii ingeiacha sheria ganda tupu. Majaji wa rufaa walisema Bunge ndivyo lilivyoandika.

Kisha wakaongeza jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Walisema anayehamishia kwenye Rio nyimbo ambazo tayari anazo anazibadilishia mahali tu, na hayo ni matumizi binafsi yanayoendana na lengo la sheria. Walilinganisha na hukumu ya mwaka 1984 iliyomruhusu mtu kurekodi kipindi cha televisheni ili akitazame baadaye. Kama unaruhusiwa kuhamisha muda, unaruhusiwa kuhamisha mahali.

Naikubali hukumu hiyo. Ukinunua CD, kusikilizia sebuleni au ukiwa kwenye basi ni shauri lako. Lakini tusijifanye hakuna aliyeumia. Ile asilimia 2 ilikuwa na mgao wa watunzi na waimbaji, na baada ya hukumu vifaa vya MP3 vikauzwa kwa mamilioni bila wao kuona hata senti ya mfuko huo. Na mwezi ule ule wa Juni 1999 ikatokea Napster, iliyomwezesha mtu kupata wimbo bila kununua CD yoyote. Majaji walizungumzia mtu mwenye CD zake. Sokoni akaja mtu asiye na CD hata moja.

Hapa kwetu Bongo, MP3 ilitufikia kwa mlango mwingine. Wachache sana waliiona Rio. Tuliyoiona ni ile CD ya machinga iliyoandikwa "MP3" kwa kalamu ya wino, nyimbo zaidi ya 150 kwenye diski moja, unaiweka kwenye deki na sherehe inakwenda mpaka asubuhi. Hesabu ni ile ile ya Erlangen: CD ya megabaiti 700, kwa kilobiti 128, ni saa kumi na mbili na ushee. Baadaye zikaja simu zenye memori kadi na Bluetooth, watu wakawa wanarushiana nyimbo kwenye daladala. Kile ambacho Rio haikuweza, kutoa wimbo na kumpa jirani, simu ikakifanya bila hata waya. Sijui jaji Collins angeamua nini kama angeletewa simu hiyo badala ya Rio.

Diamond yenyewe haikufaidi sana ushindi wake. Mwaka 1999 ilinunuliwa na S3, iliyobadili jina kuwa SONICblue mwaka 2000 na kufilisika mwaka 2003. Jina la Rio likauzwa kwa kampuni ya Japani, na mwaka 2005 likafutwa kabisa. Mezani walibaki Apple, ambao iPod yao ya kwanza ilikuwa na diski ya gigabaiti 5 na nyimbo 1,000. Nayo iliendeleza barabara ile ile ya kwenda tu: iTunes ilipeleka nyimbo kwenye iPod, haikuzirudisha. Na nailoni iliyofunika kila iPod mpya iliandikwa, kwa lugha nne, usiibe muziki.