Jaribio la Kijamii la Mifugo ya Kompyuta

Jaribio la kijamii la mifugo ya kompyuta ni zoezi la kuweka kundi la viumbe bandia katika ulimwengu wa kwenye skrini, kuwapangia chakula, makazi na idadi ya kuanzia, kisha kuwaacha waishi ili kuona watafikia maisha ya namna gani. Neno "mifugo" hapa si ng'ombe wa Usangu. Ni viumbe wa programu wanaotunzwa kama sungura au paka wa nyumbani: hula, huugua, huzaa na kufa. Kinachotenga jaribio na mchezo wa kawaida ni mkono wa mwenye mchezo. Mchezaji wa kawaida hulisha, hufundisha na kuokoa kila saa. Mwenye jaribio hupanga mambo mara moja tu, kisha hukunja mikono na kutazama.

Nyanda za Juu Kusini za Tanzania zina mfano wake wa karibu, nao haukuhitaji hata umeme: ubao, vijiti na gololi, bondeni Usangu, na waliochezeshwa walikuwa wakulima wa mpunga wenyewe. Mfano huo umeelezwa hapa chini kwa urefu, kwa sababu unaonyesha vizuri kuliko skrini yoyote jambo ambalo wengi hulikosea wanapoanza.

Viumbe wa Albia

Mchezo ulioleta zoezi hili majumbani ni Creatures, uliotengenezwa na kampuni ya Millennium Interactive ya Cambridge, Uingereza, na kuingia sokoni Novemba 1996. Mwezi huohuo kampuni ya Bandai ilianza kuuza Tamagotchi nchini Japani. Viwili hivi hutajwa pamoja, ila havifanani. Tamagotchi ya mwanzo ni yai la plastiki lenye kioo kidogo na kiumbe anayefuata ratiba: usipomlisha anakufa, ukimlisha anakua. Hana cha kujifunza, na ukiwa na wawili mezani hakuna jamii.

Kiumbe wa Creatures huitwa Norn, na ulimwengu wake Albia. Steve Grand, mwandaaji mkuu wa programu hiyo, hakumwandikia Norn tabia. Alimwandikia mwili. Ubongo wake una takribani seli za neva 1,000, zilizogawanywa katika sehemu 9 na kuunganishwa kwa viungo vipatavyo 5,000. Damu yake ya kubuni ina kemikali zinazopanda na kushuka, na jeni zake hurithiwa kutoka kwa wazazi wawili, zikichanganyika na mara nyingine kuharibika njiani. Kwa hiyo mjukuu anaweza kuwa na kitu ambacho si babu wala bibi aliyekuwa nacho.

Mtoto akitoka kwenye yai anajua machache sana. Anasimama mbele ya chakula, anakitazama, anakisukuma, anageuka na kwenda zake. Mchezaji ana mkono mmoja kwenye skrini wenye kazi mbili kubwa, kupapasa na kupiga kofi. Norn akila, mkono unampapasa na ubongo wake unapokea tuzo. Akifanya la hovyo, anachapwa kofi. Baada ya kurudiarudia anaunganisha njaa na kula. Anafundishwa pia maneno machache, ambayo baadaye huyatamka mwenyewe, kwa matamshi ya kitoto yenye kuchekesha.

Lakini kwa mtu anayetaka kuanzisha jaribio la kijamii, jambo la kuzingatia limo kwenye kemikali. Miongoni mwa misukumo ya Norn, pamoja na njaa, maumivu, hofu na usingizi, umo upweke, na umo msongamano. Akikaa peke yake muda mrefu upweke hupanda, naye hutafuta wenzake. Wakijaa mahali pamoja msongamano hupanda, naye hutaka kuondoka. Hiyo ndiyo jamii yote ya Albia: mizani ya matone mawili. Hakuna kanuni ya kuishi kijijini, hakuna ukoo. Ubongo wa Norn wa mchezo huo wa kwanza hutambua vitu kwa aina zao, kwa hiyo mama mzazi na Norn mwingine yeyote ni kitu kimoja machoni pa mtoto. Anayesema amewaona Norn wake "wakimlilia mzazi" anasimulia moyo wake mwenyewe, na si kosa kubwa, mradi asiliandike kwenye daftari la jaribio.

Creatures 2 ilitoka mwaka 1998, Creatures 3 mwaka 1999, na Docking Station, iliyotolewa bure, mwaka 2001. Wapenzi wa michezo hiyo ndio waliobuni jaribio lenyewe. Waliweka mayai kadhaa, wakaondoa mkono, wakaacha kompyuta iwake usiku kucha. Asubuhi walihesabu. Mara nyingi wote walikuwa wamekufa kwa njaa wakiwa hatua chache kutoka kwenye chakula. Mara nyingine ukoo mmoja ulikuwa umevuka, na vizazi vilivyofuata vilikula bila kufundishwa na mtu. Mchezaji mwingine alikwenda kinyume kabisa: aliwatesa Norn kwa makusudi na kuwaonyesha watu, na hasira aliyoamsha mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa ya kweli ingawa waliopigwa walikuwa namba ndani ya mashine. Grand mwenyewe, katika kitabu chake Creation cha mwaka 2000, alitetea kwamba viumbe wake wana uhai wa aina yake, hoja ambayo wanabiolojia wengi hawataimeza bila maji.

Mlima wa sukari

Watafiti walikuwa na njia kavu zaidi. Mwaka 1996, Joshua Epstein na Robert Axtell wa Marekani walichapisha kazi juu ya Sugarscape, uwanja wa miraba 50 kwa 50 wenye vilima viwili vya sukari. Viumbe wake hawana sura wala jina. Kila mmoja ana macho ya kuona umbali fulani na tumbo la kuchoma kiasi fulani cha sukari, na kanuni yake ni kwenda kwenye mraba wenye sukari nyingi anaouona. Hakuna mwizi, hakuna mtawala, hakuna kodi. Hata hivyo baada ya muda wachache wana akiba kubwa na wengi wanaishi kwa kubahatisha.

Matokeo hayo yamesomwa kama habari ya tabia za viumbe. Yasomwe pia kama habari ya vilima. Aliyezaliwa karibu na kilele mwenye macho ya mbali hakufanya juhudi yoyote. Aliyepanga uwanja ndiye aliyemtajirisha. Katika majaribio ya karibuni viumbe wamepewa hata lugha. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzao walijaza kijiji cha skrini kwa wakazi 25 wanaoongozwa na modeli ya lugha, mmoja wao akapewa nia ya kuandaa sherehe ya Siku ya Wapendanao, na mwaliko ukaenea kwa mazungumzo. Huko nako, nia ya kwanza iliwekwa na mtu.

Vijiji vya rika vya Rungwe

Wasomaji wa Mbeya watakumbuka jamii ambayo kweli iliwatoa vijana wake wakaanzishe kijiji chao, bila kompyuta na bila mtafiti kuamuru. Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi kati ya Wanyakyusa wa Rungwe kati ya mwaka 1934 na 1938, na mwaka 1951 Monica alichapisha Good Company, kitabu juu ya vijiji vya rika. Wavulana wa umri wa miaka kama kumi waliondoka nyumbani kwa wazazi, wakajenga vibanda vyao pembeni, wakalala huko pamoja. Waliendelea kulima mashamba ya baba zao, na walikula jikoni kwa mama zao, wakizunguka kwa kundi kutoka nyumba moja hadi nyingine. Walipooa, wake waliletwa palepale, na kile kibanda cha wavulana kikawa kijiji cha watu wazima. Mara moja kwa kila kizazi, katika sherehe iitwayo ubusoka, uongozi wa nchi ulikabidhiwa kwa kizazi cha wana.

Kuyaita hayo jaribio ni kuwakosea heshima Wanyakyusa: yalikuwa maisha, yenye sababu zake za ardhi, ndoa na adabu kati ya mkwe na mkwe. Yanafaa hapa kwa kulinganisha jambo moja. Wavulana wa Rungwe waliachwa peke yao usiku, lakini si kwa chakula. Jiko la mama lilibaki wazi. Anayeweka mayai ya Norn na kuondoa mkono siku hiyohiyo huondoa na jiko, kisha hushangaa kukuta mizoga.

Mchezo wa gololi wa Usangu

Mto Ruaha Mkuu hukusanya maji ya milima ya Mbeya na jirani zake, hupita katika tambarare ya Usangu na kinamasi cha Ihefu, huingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mkoani Iringa, kisha huelekea Mtera na Kidatu, penye mitambo ya umeme ya megawati 80 na 204. Tangu mapema miaka ya 1990 mto huo umekuwa ukikauka hifadhini wakati wa kiangazi. Wakulima walilaumiwa, wafugaji walilaumiwa, mvua ililaumiwa, na umeme ulipokatika Dar es Salaam lawama zilipanda hadi Usangu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi wa utafiti ulioitwa RIPARWIN, wa Chuo Kikuu cha East Anglia cha Uingereza, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo cha Morogoro na taasisi ya kimataifa ya usimamizi wa maji IWMI, uliingia Usangu. Bruce Lankford wa East Anglia alikuja na ubao mrefu ulioinamishwa. Katikati yake unapita mfereji, ndio mto. Kando kuna mifereji midogo inayoishia kwenye majaruba, na kila jaruba lina vitundu. Gololi huachiwa juu: hayo ndiyo maji. Mchezaji hupewa kijiti cha kuweka kwenye mto kuzielekeza gololi kwake. Hilo ndilo banio. Kitundu kikipata gololi, mpunga umepata maji. Chini kabisa ya ubao ni kinamasi.

Wakulima wanapewa nafasi zao kando ya mto, wanacheza. Aliye juu anaweka kijiti chake, gololi zinamiminika kwake, vitundu vinajaa, nyingine zinabaki zikizagaa jarubani bila kazi. Wa katikati anarefusha kijiti. Wa chini ameinama anasubiri, na kinachomfikia ni gololi mbili tatu, au mlio wa gololi za wenzake. Kinamasini hakuna kitu. Hapo hakuna aliyefundishwa uchoyo. Mtu yuleyule akihamishwa kutoka chini kwenda juu, kijiti chake kinarefuka.

Kazi ya mchezo huanza gololi zikisha. Wachezaji wa vijiji vya juu na vya chini, ambao nje ya chumba hicho huenda wakakutana mbele ya mwenyekiti wa kijiji kwa kesi ya banio lililobomolewa usiku, wanaubishania ubao badala ya kubishana wao kwa wao. Kisha wanacheza tena: zamu, vijiti vifupi, banio linalofungwa jaruba likishatosheka. Katika kijibonde cha mto Mkoji, upande wa Igurusi, mchezo huo ulitumika kama mlango wa kuingilia mazungumzo ya kugawana maji kiangazi. Haukurudisha mto hifadhini. Ubao hauna uwezo huo, na watafiti hawakudai hivyo. Ila ulionyesha kwa gololi kile ambacho Sugarscape inaonyesha kwa sukari, na wachezaji wake, tofauti na Norn, waliweza kusimama na kusema ubao umeinamishwa vibaya.

Kuanzisha jaribio

Klabu ya kompyuta ya shule au chuo, iwe Mbeya mjini au Iringa, haihitaji mashine kubwa. Michezo ya ukoo wa Creatures iliandikwa kwa kompyuta za miaka ya 1990. Inahitaji subira, na swali moja. "Tuone itakuwaje" si swali. Swali ni kama: chakula kikiwekwa mahali pamoja badala ya patatu, je, kundi litavuka kizazi cha tatu? Sasa kuna kitu cha kubadilisha na kitu cha kuhesabu.

Chakula ndicho cha kupangwa kwanza, kabla ya mayai. Kikiwa mahali pamoja, viumbe watajaa hapo, msongamano utapanda, na watakaosukumwa pembeni na kemikali zao ndio watakaokufa njaa. Mwanafunzi ataandika kwamba ni wanyonge, kumbe walikuwa wa chini ya mto. Kizazi cha kwanza kifundishwe kula, jiko la mama libaki wazi, na mkono uondolewe kwa cha pili. Waanzilishi wawe wa jeni tofauti, kwani ndugu wakizaana wenyewe kwa wenyewe kasoro moja ya ubongo huenea kundi zima. Katika Creatures 2 kasoro ya namna hiyo ilikuwamo tangu kiwandani: Norn walichangamka kama saa moja, kisha akili zao zikafifia, na wengi walioanzisha majaribio wakadhani wamegundua jambo la kijamii.

Ulimwengu mmoja hautoshi kusema lolote. Uanzishwe mara tano, kumi, kwa mpangilio uleule, kwa sababu bahati ya jeni hufanya mambo. Anayelinganisha abadilishe kitu kimoja kwa wakati: akihamisha chakula, asiongeze mayai. Daftari liwe na safu za saa, idadi, waliozaliwa, waliokufa na mahali walipofia, na safu ya mwisho ya kila mara mkono ulipoingia, hata kama ni kumpapasa mmoja kwa huruma, maana safu hiyo ndiyo ambayo watu huificha. Na kwa kuwa umeme hukatika bila kubisha hodi, ulimwengu unakiliwe kwenye flashi kila jioni, jina la faili likibeba tarehe na namba ya jaribio, nakala ya siku ya kwanza ikiwekwa kando bila kuguswa, ili kundi likifa ijulikane lilianzia wapi.