Mizani, Daftari na Soko: Mkulima na Mtaji Wake



Katika kuadhimisha miaka 10 ya Chama chetu Kikuu, yatupasa kutazama nyuma, tupate kujua tulikotoka. Mizigo mingi ya wakulima ifikayo Dar es Salaam huishia Ilala. Hapo, katika Mtaa wa Lumumba, ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai, 1954, na ndipo lilipo Jengo la Ushirika. Mwendo mfupi kutoka hapo ni Kariakoo, mahali palipopata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, watu waliobebeshwa mizigo isiyo yao. Basi swali la historia yetu ni hili: je, mkulima naye ni mpagazi wa mali ya wengine, au ni mwenye mali?

Jibu la kwanza lilitoka Kilimanjaro. Mwaka 1925 Wachaga wenye kahawa, Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi wao, waliunda chama chao, ingawa walowezi wengi hawakupenda kumwona Mwafrika akipanda zao hilo. Sheria ya Vyama vya Ushirika ilipopitishwa mwaka 1932, chama hicho kilifuatwa na KNCU mwaka 1933. Huko Usukuma chanzo kilikuwa mizani. Wakulima wa pamba walichoka kupunjwa, wakaweka watu wao wenyewe wa kuhakiki uzito. Kutokana na juhudi hizo, chini ya uongozi wa Paul Bomani, mwaka 1955 likapatikana Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililokuja kumiliki viwanda vya kuchambulia pamba. Haba na haba hujaza kibaba.

Serikali ya Uingereza nayo ilikuwa imejaribu njia nyingine. Mwaka 1947 ilianza mpango wa karanga huko Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikatumika. Lakini mvua ilikuwa haba na udongo ulikuwa mgumu, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Fedha hazikukosekana. Kilichokosekana ni kuijua nchi kabla ya kuilima.

Baada ya Uhuru vyama viliongezeka upesi mno. Tume ya mwaka 1966 ilikuta hesabu mbovu, watumishi wasio na ujuzi, na wanachama wasiojua haki zao. Hatuna sababu ya kuyaficha hayo, kwani mali bila daftari huisha bila habari. Lakini dawa iliyokuja ilikuwa kali kuliko ugonjwa. Tarehe 8 Desemba, 1975 Mwalimu Nyerere alifungua Soko jipya la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli, lenye soko la jumla chini ya ardhi. Miezi 5 tu baadaye, Mei 1976, vyama vikuu vikavunjwa, na mamlaka za mazao zikashika kazi yake. Mji ulipata soko. Shamba likapoteza chama.

Matokeo tuyatazame katika korosho. Msimu wa 1973/74 nchi ilipata tani 145,000 hivi. Msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi: watu kuhamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei duni, na ugonjwa wa ubwiri unga. Lakini mkulima alikuwa hana tena chombo chake cha kusemea. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama, na mwaka 2007 mauzo kwa stakabadhi ghalani yakaanza Mtwara. Dawa ya salfa ilipopatikana na bei ikashindaniwa mnadani, mavuno yalipanda, hata msimu wa 2017/18 yakapita tani 313,000.

Mambo haya si yetu peke yetu. Benki ya Dunia, katika taarifa yake ya maendeleo ya mwaka 2008, ilieleza kuwa ukuaji wa uchumi utokao katika kilimo hupunguza umaskini angalau mara 2 kuliko ule utokao nje yake. Wafanyabiashara wa Kariakoo walijua hayo bila kusoma taarifa: mkulima akiuza vizuri hununua bati, khanga na jembe, na fundi na mchukuzi wa mjini nao hupata riziki. Kwa sababu hiyo viongozi wa Afrika, walipokutana Maputo mwaka 2003, waliahidi kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Barabara, utafiti na mabwana shamba ni wajibu wa Serikali, nasi tuna haki ya kuudai. Hata hivyo, fedha ya Serikali haiwezi kushika nafasi ya uangalizi wa mwanachama.

Tarehe 28 Aprili, 2025 Benki ya Ushirika ilizinduliwa Dodoma. Mlango wa mikopo umefunguka tena, na mkopo ni deni. Kwa hiyo kila mwanachama ahudhurie mkutano mkuu, adai kusomewa hesabu, wala asikubali kufungasha lumbesa, gunia lililokatazwa na sheria ya vipimo, ambalo humpunja mkulima leo kama mizani ya pamba ilivyowapunja wazee wetu. Viongozi nao wafungue vitabu kabla ya kuombwa. Hapo ndipo mkulima atakapoingia Kariakoo kama mwenye mali.

Ushirika udumu!