Ndege Aliyebaki na Ndege Iliyoachwa Nje

Mpiga picha yeyote wa mtaani atakuambia kwamba kazi haiishii kwenye kubonyeza kamera. Picha ikishatoka kuna swali jingine: tukate wapi? Wengi hudhani hilo ni suala la urembo tu, la kuondoa nguzo ya umeme au mguu wa mpita njia. Lakini ndugu msomaji, historia ya picha za ndege inatufundisha kwamba anayekata naye anasimulia.

Tuanze kabla ya kamera. John James Audubon, mchoraji wa Marekani aliyezaliwa Haiti mwaka 1785, alitaka kuchora ndege wa Marekani kwa ukubwa wao halisi. Kitabu chake kilitoka kwa mafungu kati ya 1827 na 1838, picha 435, kwenye karatasi zenye urefu wa karibu mita moja. Bado karatasi ilikuwa ndogo! Heroe, ambaye wengi wetu tunamwita flamingo, akisimama wima huizidi mita. Afanyeje? Kumkata hakutaka. Akamwinamisha shingo mpaka mdomo ukashuka karibu na miguu, akaenea. Watu wanalisifu pozi lile hadi leo, kumbe karatasi ndiyo iliyoamuru.

Kamera ilipokuja, shida ikawa nyingine: ndege hatulii. Mwaka 1882 Mfaransa Étienne-Jules Marey alitengeneza bunduki isiyoua, bunduki ya picha, iliyopiga picha 12 kwa sekunde ili aone mbawa zinavyokwenda. Kule Uingereza ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton, walipiga picha ya kiota chenye mayai mwaka 1892, na mwaka 1895 wakatoa kitabu kizima cha viota. Walibeba vioo vizito badala ya filamu, na waliwahi kujificha ndani ya ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa ionekane ng'ombe mzima. Si utani. Cherry alifika mpaka Kenya mwaka 1909. Walijificha kwa sababu moja tu: kupata ukaribu. Ndege akipigwa kwa mbali anakuwa doa ndani ya kichaka.

Basi kukata kukawa dawa. Kamera ya Leica ilipoingia sokoni mwaka 1925, picha yake kwenye filamu ilikuwa milimita 24 kwa 36 tu, kwa hiyo ilibidi ikuzwe. Na picha ikishakuwa chini ya mashine ya kukuza, kuacha kipande nje si kazi tena. Kanuni ziliazimwa kwa wachoraji. Ile ya theluthi, inayosema usiigawe picha nusu kwa nusu, iliandikwa na Mwingereza John Thomas Smith mwaka 1797, kamera haijazaliwa. Wapiga picha wa ndege wakaongeza yao: mwachie nafasi mbele ya mdomo, kule anakotazama, asije akaonekana kama kagonga ukuta.

Wapo waliokataa mkasi. Mfaransa Henri Cartier-Bresson alisema picha ikamilike ndani ya kamera, basi. Lakini picha yake maarufu ya mwaka 1932, ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare mjini Paris, ilipunguzwa pembeni, kwani aliipiga kupitia upenyo wa uzio. Hata mkuu wa wasiokata alikata!

Sasa tuje Afrika. Machi 1993, huko Ayod, ambako leo ni Sudan Kusini, Kevin Carter wa Afrika Kusini alimkuta mtoto ameinama chini, hoi kwa njaa. Nyuma yake katua tumbusi. Jarida la Time lilisimulia mwaka 1994 kwamba Carter alingoja kama dakika 20 akitumaini ndege atatandaza mbawa. Hakutandaza. Akapiga hivyo hivyo, kisha akamfukuza. Picha ikatoka katika New York Times tarehe 26 Machi 1993, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Pulitzer.

Hebu ichukue picha ile uikate kwa mawazo. Ondoa tumbusi: unabaki na mtoto mwenye njaa, picha ambayo magazeti yalikuwa nazo tele. Ondoa mtoto: unabaki na ndege katulia juu ya udongo, picha ya kitabu cha wanyama. Punguza ardhi tupu iliyo kati yao, na hofu inapungua. Ile nafasi mbele ya mdomo, ambayo kanuni inasema ni ya urembo, hapa ndiyo hadithi yenyewe. Kule anakotazama ndege yupo mtu.

Lakini fremu ilishakata kabla ya mkasi wowote. João Silva, aliyesafiri na Carter, alisimulia baadaye kwamba ndege ya Umoja wa Mataifa ilikuwa imeleta chakula, na wazazi walikuwa wameenda kukipokea. Kiswahili chetu kinalisema vizuri: ndege mwenye manyoya alibaki ndani, ndege yenye injini ikaachwa nje. Dunia ikaona upweke mtupu. Wasomaji wakauliza sana habari za mtoto, hata tarehe 30 Machi gazeti likatoa maelezo kwamba aliweza kuendelea na safari, ila halikujua kama alifika kituoni. Carter alijiua Julai 1994 akiwa na miaka 33, akiwa amebeba mizigo mingi zaidi ya picha moja.

Tena kuna bangili. Mkononi mwa mtoto ilikuwepo bangili ya plastiki ya kituo cha chakula. Hakuna aliyeikata, imo pichani. Mwaka 2011 gazeti la El Mundo la Hispania lilifika Ayod, likaandika kwamba mtoto alinusurika njaa ile, kwamba alikuwa wa kiume, si wa kike kama ilivyodhaniwa, na kwamba alikufa kwa homa kama miaka minne kabla ya habari hiyo. Miaka 18 watu waliitazama picha, bangili hawakuiona. Kumbe macho nayo yanakata.

Leo kila mwenye simu ana mkasi kidoleni. Na sisi tunaojaribu kuandika tunakata kila siku, kila aya. Sisemi tusikate, hadithi isiyokatwa ni kichaka, ndege haonekani. Ila kipande unachotaka kukitupa, kisome kwanza. Huenda kina jibu la swali ambalo msomaji atakuuliza kesho.