Kistari na Silabi: Ukataji wa Maneno ya Kiingereza na Majina ya Mwambao wa Ziwa Nyasa

Ukataji wa neno mwishoni mwa mstari huonekana kuwa kazi ya mpiga chapa peke yake. Hata hivyo, kistari kinachoachwa pembezoni mwa ukurasa hubeba uamuzi wa kiisimu: silabi inaanzia wapi, na kwa sikio la nani. Majina ya Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma yanalidhihirisha jambo hilo.

Katika Kiingereza uamuzi huo haukupata kuwa mmoja. Noah Webster, ambaye kitabu chake cha tahajia kilitoka Marekani mwaka 1783, aliyagawa maneno kwa kufuata matamshi. Mapokeo ya Uingereza yalizingatia zaidi asili na muundo wa neno. Hivyo “knowledge”, yaani maarifa, Mmarekani hulikata knowl-edge, na mapokeo ya Uingereza know-ledge. Mkazo nao huhamisha mpaka: “record” likiwa nomino hukatwa rec-ord, likiwa kitenzi re-cord. Kanuni za jumla zipo. Neno la silabi moja halikatwi, hata likiwa refu kama “strength”. Kiambishi hutengwa na shina, un-happy. Na konsonanti mbili zilizo kati ya irabu aghalabu hugawanywa, fin-ger, num-ber. Kwa kuwa vighairi ni vingi, mchapaji makini hurejea kamusi.

Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo inayopotosha ikihamishiwa katika Kiswahili. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu, na nazali iliyo mbele ya b au g huungana nayo. Hivyo basi, Mbinga ni Mbi-nga, wala si Mbin-ga. Nyasa ni Nya-sa, kwani ny ni sauti moja. Liuli ni Li-u-li. Katika neno fupi kama mbu, nazali husimama peke yake na kubeba mkazo: m-bu.

Walioziandika lugha za eneo hili mwanzoni walitoka katika lugha zenye silabi funge. Padre Johannes Häfliger, Mbenediktini, alichapisha kamusi ya Kimatengo mwaka 1909. William Percival Johnson wa misheni ya UMCA, aliyefariki Liuli mwaka 1928, alishughulikia tafsiri ya Biblia kwa Kinyanja. Iliwabidi wasikilize kwanza ndipo waandike. Utawala wa Kijerumani, kwa upande wake, uliiita Liuli Sphinxhafen na Manda Wiedhafen. Silabi ya kwanza ya Sphinxhafen hubana konsonanti tano kuzunguka irabu moja. Utawala huo ulipoondoka, Liuli na Manda ndiyo majina yaliyosalia.

Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, imebaki na kanuni mbili katika jina moja: Mba-mba kwa Kibantu, na Bay, silabi moja isiyokatika, kwa Kiingereza.

Suala hili halijapitwa na wakati. Tangu Franklin Liang alipowasilisha tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1983, kompyuta hukata maneno kwa ruwaza za herufi, na ruwaza za kila lugha ni zake. Matini ya Kiswahili ikipitishwa katika ruwaza za Kiingereza, Mbin-ga huweza kurudi ukurasani. Mtoto aliyefundishwa kusoma kwa ba, be, bi, bo, bu atakutana hapo na jina la wilaya yake likiwa limekatwa pasipo mpaka wowote anaousikia nyumbani.