Majibu Yalikaa Kimya

Maji ya bomba yakiwa meupe kwenye glasi, unakunywa bila wasiwasi. Ndivyo walivyokunywa wakazi wa kando ya mto Ohio, Marekani.

Karibu na mji wa Parkersburg palikuwa na kiwanda cha DuPont. Kuanzia 1951 kilitumia kemikali iitwayo C8 kutengenezea Tefloni, ile inayofanya yai lisigande kikaangoni. Mabaki yakaingia mtoni, hewani na ardhini. Rangi haionekani. Hata ukichemsha maji, haitoki ng'o!

Mwaka 1984 wafanyakazi wa kampuni walipita madukani, wakakinga maji ya bomba, yakapelekwa maabara. C8 ikaonekana. Je, wanywaji waliambiwa? Thubutu! Majibu yakabaki ofisini.

Waliozua soo ni ng'ombe. Walikuwa wa mkulima Wilbur Tennant, wakifa mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1998 akamtafuta wakili, Robert Bilott, aliyechambua makaratasi ya kampuni mpaka siri ikatoka. Mwaka 2001 wanywaji nao wakafungua kesi. Baada ya suluhu ya 2004, watu wapatao 69,000 walitolewa damu ikapimwa. Kufikia 2012 wanasayansi walikuwa wameihusisha C8 na magonjwa sita, ikiwemo saratani ya figo.

Hebu piga hesabu: 1984 mpaka 2001 ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa siku za sampuli zile alifika sekondari akinywa maji yale yale. Kipimo hakikudanganya; watu ndio walionyamaza. Basi tukidai maji yapimwe, tudai pia majibu yabandikwe pale pale penye bomba.